Mwanasesere wa vipande: bei ya tangazo na bei ya kumsimamisha

Mwanasesere wa rezini mwenye kimo cha sentimita 42 anaweza kutangazwa na kampuni ya China kwa takriban dola 180. Wa kimo hichohicho kutoka Korea Kusini akatangazwa kwa dola 500. Anayeziona bei hizi kwa mara ya kwanza hudhani ameshajua aliye nafuu ni yupi. Lakini zile dola 180 huenda ni za mwili mtupu: kichwa kisicho na macho wala nywele, uso usiochorwa, mikono na miguu ikiwa vipande ndani ya mifuko ya nailoni, na lastiki imekunjwa pembeni. Kinachofaa kulinganishwa ni gharama yote hadi mwanasesere asimame kwa miguu yake mwenyewe, ana uso, ana nywele, amevaa.

Hawa si wanasesere wa kumpa mtoto mdogo. Mwili humiminwa kwenye kalibu kwa rezini ya poliurethani, kipande kwa kipande, na kila kiungo kina tufe upande mmoja na kikombe upande wa pili. Ndani ya vipande hupita lastiki iliyovutwa, na mvuto wake ndio unaomshikilia mwanasesere kuanzia shingo hadi nyayo. Biashara hii kwa sura yake ya leo ilianza Japani mwaka 1999, kampuni ya Volks ya Kyoto ilipotoa wanasesere wake iliowaita Super Dollfie. Korea Kusini ikafuata miaka ya 2000 kwa kampuni kama Luts, Fairyland na Iplehouse, kisha China ikaingia na bei za chini, Doll Zone na Resinsoul zikiwa miongoni mwa majina yanayotajwa sana. Vimo vinavyouzwa zaidi ni vitatu: takriban sentimita 60, takriban 40 hadi 45, na wadogo wa 25 hadi 30. Wa sentimita 60 ana uzito wa zaidi ya kilo moja akiwa na nguo zake, jambo la kukumbuka unapofika kwenye nauli.

Kampuni nyingi humfunga lastiki mwanasesere kabla ya kumtuma. Wanaofika vipande mara nyingi ni wa wasanii binafsi wanaouza seti za kujiundia, wa mitumba waliofumuliwa ili wapakiwe vizuri, na wale ambao mnunuzi ameamua kichwa akichukue huku na mwili kule. Njia hii ya mwisho huvutia kwa sababu humpa mnunuzi uhuru, nayo ndiyo inayopoteza fedha nyingi kuliko zote. Rangi iliyopewa jina moja na kampuni mbili haiwi rangi moja. Hata kampuni ileile, toleo la mwaka huu linaweza kupishana na la mwaka juzi. Shingo nayo ina mzingo wake, na kichwa kikiwa na tundu pana kuliko shingo kitayumba hata ukikaza lastiki vipi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji vipimo vya shingo kwa milimita na picha ya vipande vyote viwili vikiwa pamoja kwenye mwanga wa mchana. Akikataa, mwache.

Sasa kazi yenyewe ya kufunga lastiki. Wanunuzi wengi huiogopa, na woga huo ndio unaowafanya walipe zaidi ya wanavyolazimika. Unahitaji lastiki ya duara: milimita 4 kwa wa sentimita 60, milimita 3 kwa wa 42, milimita 2 kwa wadogo. Mita tatu zinamtosha hata yule mkubwa, na bei yake ni dola chache tu. Unahitaji kulabu za umbo la S kwa kichwa, viganja na nyayo; mara nyingi huja pamoja na vipande, lakini uliza. Unahitaji pia waya mrefu uliopindwa ncha kuwa ndoano, au koleo nyembamba ndefu kama zile za hospitali, na penseli mbili za kushikilia vitanzi visikurukie ndani ya kiwiliwili.

Mikono hufungwa kwa kitanzi kimoja kinachotoka kiganja cha kulia, kikapita kifuani, kikaishia kiganja cha kushoto. Miguu hufungwa kwa kitanzi kirefu kinachotoka unyayo mmoja, kikapanda pajani na kwenye nyonga, kikashikwa na kulabu ya shingo, kisha kikashuka hadi unyayo wa pili. Fundo lifichwe ndani ya paja au kifua, na usikate mkia wake hadi umjaribu. Lastiki ikilegea, mwanasesere atakunjika magoti kila umsimamishapo. Ikikazwa kupita kiasi atapiga teke: unamkunja goti, nalo linajirudisha ghafla, na kingo za vikombe zinaweza kumeguka. Kwa hiyo anza na mkazo mdogo, jaribu, fungua, kaza tena. Kiungo kinachoteleza hutulizwa kwa kubandika kipande chembamba cha ngozi laini ndani ya kikombe, au tabaka jembamba la gundi ya moto. Mara ya kwanza mchana mzima unaweza kuisha. Mara ya tatu hutahitaji hata kutazama picha za maelekezo.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomshauri mgeni alipie dola 30 au 50 ili fundi amfungie. Lastiki huchoka. Baada ya miaka michache italegea kwa mwanasesere wa dola 180 na kwa wa dola 1,000 vilevile, na ukiwa mbali na mafundi wa kazi hii utalazimika kumpeleka ng'ambo na kumrudisha. Ujuzi huu utauhitaji siku moja hata ukinunua aliyefungwa kiwandani. Heri uupate mapema, kwa gharama ya lastiki tu.

Msasa ni jambo jingine, na tahadhari yake ni kubwa zaidi. Vipande vya bei ya chini mara nyingi huja na mistari ya kalibu ubavuni mwa mikono na miguu, na pengine vibaki vya mahali rezini ilipomiminiwa. Kuviondoa kwa msasa laini hakuhitaji fedha, ila vumbi la rezini ni hatari kwa mapafu. Sugua kipande kikiwa kimelowa maji, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, wala usifanyie kazi hiyo jikoni au chumba anacholala mtoto. Gharama ya barakoa nzuri iingize kwenye hesabu tangu mwanzo.

Uso ndio mahali pa kutumia fedha. Unaweza kujichorea: chaki laini za rangi, penseli za rangimaji, brashi nyembamba, na dawa ya kupuliza ya kushikilia rangi isiyong'aa. Dawa inayotajwa sana ni Mr. Super Clear ya Japani. Tatizo ni kwamba kopo la kupuliza ni mzigo wa hatari na kwa kawaida halipokelewi katika vifurushi vya ndege, na vanishi ya kawaida ya duka la rangi inaweza kugeuka njano au kubaki inanata. Ukijumlisha vifaa vyote, uso wako wa kwanza utakugharimu zaidi ya kumlipa mchoraji, ambaye huanzia takriban dola 40 na kupanda kufuatana na jina lake. Kampuni nyingi huwa na wachoraji wao, nawe unaweka alama tu unapoagiza. Kwa mwanasesere wa kwanza, lipia hapo. Mwanasesere mwenye mwili wa kawaida na uso uliochorwa vizuri hukaa mezani kwa miaka ukimtazama kwa furaha. Mwenye mwili bora na nyusi zilizopinda hufichwa kabatini.

Macho huuzwa kwa milimita, ya akriliki kwa dola chache na ya kioo kwa zaidi kidogo. Wigi na nguo ndizo sehemu ambazo msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ana nafuu kuliko mnunuzi wa Seoul. Wigi ya dukani ni kama dola 20, lakini nywele za kusukia na kofia ndogo ya kitambaa, mikononi mwa msusi, hutoa mabutu, rasta au vitunguu ambavyo kampuni za Asia huviuza kwa nadra. Fundi cherehani mwenye mkono mwepesi atatoa gauni la mwanasesere wa sentimita 42 katika mabaki ya kitenge. Rangi ya kitambaa ijaribiwe kwanza kwa kuloweka, kwa sababu kitambaa kinachochuja huacha madoa kwenye rezini, na doa likishaingia mara nyingi huhitaji msasa.

Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde nayo ina hesabu yake. Kampuni nyingi huiorodhesha kama chaguo la ziada na hutoza zaidi kuliko ngozi nyeupe. Inaudhi, na wanunuzi wana haki ya kuwaambia wauzaji hivyo. Lakini kuna jambo la kiufundi pia: rangi nzito kwenye rezini huonyesha mikwaruzo, michirizi na sehemu zilizosuguliwa, ambazo hubaki na weupeweupe usioonekana kwenye rezini ya rangi hafifu. Hivyo ukitaka mwanasesere mweusi, usichukue yule wa bei ya chini mwenye mistari ya kalibu ya kusugua mwenyewe. Hapa ongezeko la bei kwa kampuni inayosafisha vipande kabla ya kutuma lina maana. Omba picha za mwili mtupu, si za tangazo.

Turudi kwenye dola 180. Weka lastiki, kulabu na barakoa dola 25, macho 15, wigi 20, nguo na viatu 50, uso 60. Umefika 350, karibu maradufu ya tangazo. Yule wa dola 500 aliyefungwa tayari, na mara nyingi akiwa na macho yake, ukimwongezea uso, wigi na nguo kwa bei zilezile anafika 630. Wa kwanza bado ni nafuu kwa dola 280. Zile 280 ndani ya yule wa pili hununua viungo vya goti na kiwiko vyenye mikunjo miwili, vipande visivyo na mistari, na mkao unaodumu bila kushikiliwa. Mpiga picha atauona umuhimu wake mara moja. Anayetaka kushona na kuvisha anaweza kuishi bila hayo.

Forodha inazigusa bei zote mbili. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa nyingi zilizokamilika hutozwa ushuru wa asilimia 25, kisha VAT: asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania na Uganda. Kwa bidhaa ya dola 180, ukikokotoa kwa bei yake peke yake, ushuru ni 45, na VAT juu ya 225 ni 36 Kenya au 40.5 Tanzania, kabla ya nauli na ada nyingine. Waliopo Umoja wa Ulaya wajue kuwa tangu Julai 1, 2021 VAT inalipwa hata kwa kifurushi kidogo, na walio Marekani wakumbuke kuwa msamaha wa vifurushi visivyozidi dola 800 ulikoma Agosti 29, 2025. Muuzaji akijitolea kuandika dola 30 kwenye fomu, kataa. Ni udanganyifu, na kifurushi kikipotea utafidiwa hizohizo 30.

Mitumba ina bei nzuri lakini rezini hugeuka njano kwa mionzi ya jua na kwa umri, na njano hiyo haiondoki yote. Jitahadhari pia na nakala za wizi, zinazotengenezwa kwa kumiminia upya kazi ya msanii mwingine na kuuzwa kwa nusu bei au chini yake. Ukiachilia mbali dhuluma kwa msanii, mwili wa nakala huwa umepungua kidogo na viungo havikai sawasawa, na huwezi kumuuza tena kwa wakusanyaji waaminifu. Cheti halisi na risiti ndiyo kinga yako.

Asiyetaka lastiki kabisa anaweza kutazama vinili. Miili ya Obitsu ya Tokyo na Dollfie Dream ya Volks ina fremu ya ndani badala ya lastiki. Ni myepesi, haivunjiki kirahisi ikianguka, na mwili mdogo wa Obitsu wa sentimita 27 hupatikana kwa makumi machache ya dola. Vinili hushika madoa upesi kuliko rezini, na huwezi kuichonga upya utakavyo. Kujichapia nyumbani kwa printa ya rezini ni hobi nyingine yenye kemikali zake; asiingie mtu kwa sababu tu faili la kuchapia ni la bei ndogo.

Uamuzi wangu kwa anayeanza: chukua wa sentimita 40 hadi 45 kutoka kampuni halali ya China au Korea, awe mzima wa kampuni moja, mwili na kichwa. Agiza uso uchorwe palepale kiwandani. Akija vipande, mfunge mwenyewe. Akija amefungwa, nunua mita mbili za lastiki uziweke. Na kwa kuwa wengi wao hutengenezwa baada ya malipo na kusubiriwa kwa miezi miwili hadi sita, tumia muda huo kumtafuta fundi wa nguo na msusi, umpe kila mmoja vipimo vya kichwa na kifua kwa sentimita kabla kifurushi hakijafika.