Gari ya kazi isiyo na kle: ubaya hauko mu enterupteri, uko mu waya uchi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama mulio nyumbani, leo sitasema juu ya mushahara. Nitasema juu ya gari inayotubeba asubuhi, jua haliyapanda, na kutuleta jioni tukiwa wachovu. Magari mengi ya kazi huku kwetu ni Land Cruiser za zamani. Vumbi nyekundu imekula kle na nyumba yake, na siku moja kle inazunguka bure, gari haiwaki. Pale ndipo shida inaanzia.

Ninajua hii mambo kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ninafanya kazi kwa sutretani mumoja mu Lualaba. Tulikuwa tunapanda watu kumi na moja nyuma ya jipu. Kle ilikufa. Fundi akakata nyaya chini ya tablo, akaacha vichwa viwili uchi. Kila asubuhi shofere wetu, muzee wa heshima, alikuwa anainama, anagusanisha waya na waya, cheche inaruka, gari inawaka. Sisi tulikuwa tunacheka.

Siku moja nikamwambia: «Papa, hii gari itakuya kutuchoma.»

Akanijibu: «Mutoto wangu, nilishaandika mu kaye ya gari mara mbili. Patro anasema atanunua kle mwezi unaokuya. Sasa nifanye nini? Nibakie nyumbani, batoto bakule nini?»

Mwezi ulikuja, kle haikuja. Tulikuwa tunashuka mulima, tukasikia harufu ya plastiki, halafu moshi ukajaa mbele. Waya mumoja ulikuwa umesuguana na chuma cha tablo mpaka ngozi yake ikaisha. Haikuwa na fizibli. Hakukuwa na kitu cha kuzima. Watu waliruka gari ikiwa haijasimama, kamarade mumoja akavunjika muguu. Muzee alifungua kapo, akang'oa kosi ya batri na mikono yake mitupu. Vidole vyake viliungua.

Kisha wakaanza kumukata mushahara, eti ameharibu gari.

Nitarudi ku hiyo habari ya mushahara. Kwanza niseme jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: gari inaweza kuwaka bila kle, na iwe salama. Enterupteri ya kuinua na kidole, pamoja na buto ya kusukuma, ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye akili, na vifaa vyake havina bei ya kutisha. Kwa hiyo patro anayesema kle ni bei kali hana sababu ya kutuacha na waya uchi.

Kle inafanya kazi gani?

Mu gari ya zamani, kle ni enterupteri tu iliyofichwa. Nyuma yake kuna nyaya nne au tano. Mumoja ni munene, una moto saa zote, unatoka ku batri. Mwingine ni wa radio. Mwingine, au wawili, ni wa «kontakti»: unapeleka moto ku lampi za tablo, ku lampi ya altenateri, ku buji za kupasha moto, na ku kizibo cha umeme kilicho juu ya pompi ya mazuti. Kile kizibo ni muhimu: kikipata moto kinafungua mazuti, kikikosa moto kinafunga, na mutambo unazima. Ku gari ya esansi, waya huo wa kontakti unaenda ku bobini. Waya wa mwisho ni wa demareri.

Kwa hiyo tunahitaji vitu viwili. Enterupteri moja ya kontakti, inayobaki pale ulipoiweka. Na buto moja ya demareri, yenye resori, inayorudi yenyewe ukiiachia. Usiweke kamwe enterupteri ya kubaki ku demareri. Mutu akiisahau, demareri itaendelea kuzunguka na mutambo, meno yatasagika, na mwishowe itaungua.

Namna ya kufunga

Kabla ya yote, fungua kosi ya masi ku batri, yaani ile ya kutoa (–). Mafundi wetu wana haraka, wanaruka hapo. Haraka haraka haina baraka.

Usiamini rangi ya nyaya peke yake, kwa sababu gari hizi zimeshapita mikononi mwa mafundi kumi. Tafuta kila waya na lampi ya kujaribia. Wakati wa kujaribu tu ndio unarudisha masi. Angalia pia kama gari ni ya volti 12 au 24, ili rele na lampi zifanane nayo.

Pili, usipitishe moto wote ndani ya enterupteri ndogo. Ile ya sokoni mara nyingi imeandikwa amperi 10 au 15. Lakini kisanduku cha juu ya demareri, wakati wa kuvuta, kinaweza kuomba amperi 30 au zaidi. Enterupteri itayeyuka. Dawa yake ni rele. Rele ya gari ya amperi 40 ina namba chini yake, na namba hizo ni zilezile karibu kila mahali: 30 ni moto wa kutoka ku batri, 87 ni moto wa kwenda ku kazi, 85 na 86 ni za kuiamsha rele yenyewe. Kidole chako kinaamsha rele na moto mudogo, na rele inabeba muzigo mukubwa.

Basi: rele ya kwanza, 30 inaenda ku batri kupitia fizibli, 87 inaenda ku nyaya za kontakti, 86 inapata moto kutoka ku enterupteri, 85 inaenda ku masi. Enterupteri yenyewe nayo inapata moto wake kupitia fizibli ndogo. Rele ya pili inafungwa vilevile kwa ajili ya demareri, lakini buto yake inapata moto baada ya enterupteri, si moja kwa moja ku batri. Kwa njo hiyo, enterupteri ikiwa chini, mutoto akisukuma buto, hakuna kitu kinafanyika.

Tatu, fizibli. Baba yangu alikuwa fundi wa umeme, na alikuwa anasema kila waya unaotoka ku batri uvae fizibli kabla ya kuanza safari. Maana yake fizibli ikae karibu na batri, si mwisho wa waya. Na inapimwa na unene wa waya: waya wa 1,5 mm², fizibli ya amperi 10, waya wa 2,5 mm², amperi 20, waya wa 4 mm², amperi 30. Fizibli ikikatika, tafuta sababu. Ukiweka musumari au karatasi ya sigara mahali pake, umewasha moto wewe mwenyewe, bado tu saa yake.

Nne, pale waya unapita ndani ya tundu la chuma, weka kaucho. Funga nyaya zisicheze. Ile jipu yetu iliungua kwa kukosa kipande cha kaucho tu.

Usisahau usukani

Hapa ninaomba kila shofere asome mara mbili. Ku magari mengi, kle haiwashi tu, inafungua pia chuma kinachokaba usukani. Enterupteri inapita kando ya umeme, lakini haigusi kile chuma. Ukitembea hivyo, usukani unaweza kukabwa gari ikiwa mu kona, na pale hata shofere wa miaka 30 hana la kufanya. Kwa hiyo chuma hicho kitolewe kabisa na fundi, kisha usukani uzungushwe mpaka mwisho, kushoto na kuume, mara nyingi, mbele ya gari kutoka mu garaji. Kikigoma kutoka, gari isitembee.

Jaribio la mwisho

Washa. Lampi ya altenateri iwake ku kontakti, na izime mutambo ukizunguka. Ku gari ya volti 12, batri ionyeshe karibu volti 14 mutambo ukiwa unazunguka. Kama haifiki, pengine fundi amesahau waya wa lampi ya altenateri, na batri itakufa mu njia.

Kisha shusha enterupteri. Mutambo uzime palepale. Kama unaendelea, usipokee gari. Inawezekana altenateri inarudisha moto nyuma kupitia waya wa lampi, au kizibo cha pompi kimekwama. Gari isiyozima ni mbaya kuliko gari isiyowaka.

Na kwa sababu enterupteri haina kle, kila mutu anaweza kuwasha. Ongeza ile kata-moto ya batri yenye kishikio chekundu kinachotoka. Ukizima, shusha enterupteri kwanza, kisha zungusha kishikio na ukitie mufukoni. Hiyo ndiyo kle yako mupya. Fundi akiingia chini ya gari, kile kishikio kikae mufukoni mwake yeye, si mwa shofere. Na moshi ukitokea, hakuna mutu ataunguza vidole ku kosi.

Kalamu nayo ni kifaa

Sasa nirudi kwa muzee wetu. Walimukata miezi mitatu. Sisi wa delegasio ya sendika tulienda ofisini na kelele, tukarudi bure. Kisha mumoja wetu akakumbuka neno la muzee mwenyewe: nilishaandika mu kaye mara mbili. Tukaitafuta ile kaye. Ilikuwa imebaki ku garaji, imejaa mafuta, lakini mistari miwili ilisomeka, na tarehe, na sinyatiri ya chefu wa garaji kando. Tuliiweka juu ya meza. Hawakusema mengi. Kukata kulisimama, na zile feza za miezi mitatu zilirudi, ingawa kidogo kidogo. Vidole havikurudi vile vilikuwa.

Kodi ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema juu ya komite ya usalama na usafi ku kazi. Gari inayobeba wafanyakazi ni jambo la komite hiyo. Kama kwenu iko, peleka neno kwake. Kama haiko, omba delege wenu aulize kwa nini, na aulize kwa barua.

Kwa hiyo kesho asubuhi, mbele ya kupanda, inama kidogo uangalie chini ya tablo. Uliza maswali matatu: Fizibli iko wapi? Inazimwa namna gani? Usukani umefunguliwa kabisa? Shofere akikosa jibu, usimutukane. Yeye ndiye wa kwanza kuungua. Mupe kalamu, aandike mu kaye, chefu aweke sinyatiri, na wewe ushike foto yake mu telefone.

Bamama, na ninyi ulizeni jioni. Tunaona haya kuogopa mbele ya kamarade, lakini mbele yenu tutasema ukweli.