Walinzi wa Kiti cha Enzi

Vijana wa mtaani kwetu Ziwani hawajachoka kuijadili Game of Thrones, tamthilia ya Kimarekani iliyoonyeshwa katika televisheni kuanzia mwaka wa 2011 hadi 2019. Huwasikia wakibishana juu ya wafalme na mazimwi. Ni nadra kumsikia yeyote akimtaja mlinzi asimamaye mlangoni, ilhali bila mkuki wake kiti cha enzi ni kigoda tu.

Nionavyo mimi, fundisho kuu la tamthilia hiyo limo mikononi mwa walinzi na watumishi wa baraza. Jaime Lannister aliapa kumlinda Mfalme Aerys. Mfalme alipoamuru mji mzima uteketezwe pamoja na raia wake, Jaime alimwua. Tangu hapo alidharauliwa kwa kuvunja kiapo, ingawa maelfu ya watu walipona kwa upanga wake. Naye Varys, mshauri wa baraza, alidai kwamba anaitumikia nchi. Akaishia kuchomwa moto kwa kosa la usaliti.

Mtu asidhani hayo ni ya kubuni tu. Mwezi wa Mei 1966, majeshi ya Milton Obote yakiongozwa na Idi Amin yalilivamia kasri la Kabaka Mutesa wa Pili huko Mengo, nchini Uganda. Walinzi walipigana, Kabaka akaruka ukuta, akatorokea Uingereza, alikofia mwaka wa 1969. Jina lake limo vitabuni. Je, walinzi waliofia ndani ya ukuta ule tunawajua? Wahenga hawakukosea: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Jina la jirani zetu, Kariokor, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Maelfu walikufa wakimbebea mizigo mfalme wasiyepata kumwona. Jina la kikosi likabaki, majina ya watu yakapotea.

Nawasihi walimu wenzangu: tusomeshapo tamthilia, tusiishie kuuliza sifa za mfalme. Tumwulize mwanafunzi: ungalikuwa wewe mlangoni, kiapo chako ungalikiweka kwa mtu au kwa watu? Wanafunzi wetu hawatakuwa wafalme. Watakuwa askari, makarani na washauri, na siku moja kila mmoja wao atapewa amri.