Kijiti kinachowafunza watoto elimu ya anga

Mwanafunzi wa shule ya msingi hukariri kwa urahisi kwamba dunia hujizungusha kwenye mhimili wake na pia hulizunguka jua. Lakini anachokiona kila siku ni kinyume chake: jua ndilo linalochomoza, kupanda na kutua, na ardhi anayoikanyaga imetulia tuli.

Pengo hilo kati ya kinachosomwa na kinachoonekana huwafanya watoto wengi waichukulie elimu ya anga, au falaki, kuwa ni jambo la kuaminiwa tu, au somo la nchi zenye darubini kubwa. Hata hivyo, kifaa cha kuanzia hakigharimu chochote. Kinachohitajika ni kijiti kilichonyooka chenye urefu wa mita moja, na uwanja ulio wazi.

Kuitafuta saa sita

Kijiti husimamishwa wima, na wima huo huhakikishwa kwa uzi uliofungwa jiwe. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, wanafunzi huweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10, kisha hupima kwa rula umbali wa kila kokoto kutoka kwenye kijiti.

Kivuli kifupi kuliko vyote huonyesha wakati ambapo jua lilifika juu kabisa siku hiyo, na mstari wake huelekea kaskazini na kusini sawasawa. Jambo la kushangaza ni kwamba wakati huo kwa kawaida hauwi saa sita kamili. Mjini Dar es Salaam huwa ni takriban dakika 23 baada ya saa sita, na mjini Kampala takriban dakika 50, ingawa huweza kupungua au kuongezeka kwa robo saa hivi kulingana na mwezi.

Saa ya ukutani haikukosea. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Dunia hujizungusha digrii moja kila baada ya dakika nne, na Kampala iko zaidi ya digrii 12 magharibi ya mstari huo. Kwa kokoto chache, mtoto amekwisha kuupima mzunguko wa dunia.

Walimu hushauriwa kuwataka wanafunzi waandike makisio yao kabla ya kupima, na wasiyafute matokeo yanayopingana na makisio hayo. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe.

Kivuli kinachohama

Zoezi hili likirudiwa kila mwezi, jambo la pili hujitokeza. Mjini Dar es Salaam, tarehe 21 Juni, kivuli kifupi cha kijiti hicho huwa na sentimita 58 hivi na huelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba huwa na sentimita 30 hivi, na huelekea kaskazini. Mara mbili kwa mwaka, katika wiki ya kwanza ya Machi na ya pili ya Oktoba, jua hufika utosini na kivuli karibu hutoweka kabisa.

Sababu ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa digrii 23.4, na hilo ndilo linaloleta majira ya mwaka.

Kwa familia zilizotawanyika, zoezi hili huweza kufanywa na binamu walio mbalimbali, wakapeana vipimo kwa simu. Mjini Muscat, kivuli cha tarehe 21 Juni hakifiki hata sentimita moja. Mjini London huwa na sentimita 53 hivi, yaani kifupi kidogo kuliko cha Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Lakini mwezi Desemba hufikia mita 3.7.

Ulinganisho wa namna hiyo una historia ndefu barani Afrika. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mtaalamu Eratosthenes alilinganisha vivuli vya adhuhuri vya miji miwili ya Misri, Aswan na Alexandria. Alipata tofauti ya digrii saba na kidogo, sawa na sehemu moja ya hamsini ya duara. Alizidisha umbali wa miji hiyo kwa 50, akakadiria mzingo wa dunia.

Usalama wa macho

Katika mazoezi yote haya, watoto hutazama ardhi, si jua. Kulikodolea jua macho huweza kuharibu uwezo wa kuona, na mara nyingi mtoto hahisi maumivu yoyote wakati huo. Miwani ya kawaida ya jua, filamu za eksirei na vioo vilivyofukizwa moshi si kinga.

Njia iliyo salama ni kutoboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, kulipa jua kisogo, na kutazama taswira yake kwenye karatasi ya pili. Mianya ya majani ya mwembe hufanya kazi hiyo hiyo kivulini.

Tarehe 2 Agosti mwaka 2027, jua litapatwa kikamilifu katika miji ya Luxor, Jeddah na Makka, na kwa sehemu tu katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki. Siku hiyo, mtoto aliyekwisha kuzoea kijiti na tundu la karatasi atalishuhudia tukio hilo bila hofu, na bila kuyahatarisha macho yake.