Geji ya Turbo: Ya Paipu ama ya Waya?

Maze, kama uko na ndai ya turbo na dashi haina geji ya busti, unaendesha ukibahatisha tu. Foresta SG5, Impreza GDA, hizo Legacy zenye vijana wa Nairo wamezimikia, nyingi zilishuka kutoka Japani bila hiyo kitu. Turbo inaeza anza kuzingua pole pole, na ukuje kujua tu siku moshi imefunika gari ya nyuma.

Sasa ukienda kutafuta geji Kirinyaga Road, kwenye wazee bado huitanga Grogan, swali ni moja: unataka ya mekanika ama ya umeme?

Ya mekanika ni simpo. Paipu nyembamba inatoka kwa manifoldi, inapita ukuta wa injini, inaingia hadi ndani ya geji. Huko kuna ka-tyubu ka chuma kamekunjwa. Presha ikiingia kananyooka kidogo, kanazungusha meno, mshale unasonga. Msee wa Ufaransa anaitwa Eugène Bourdon alipata hataza ya hiyo tyubu 1849, kabla hata gari ya petroli ikuwe, na bado inapiga kazi. Haitaki moto ya betri, ni ka-balbu ka usiku tu. Ukikanyaga mafuta, mshale unaitika hapo hapo.

Ngori yake ni hiyo paipu. Ikipasuka, busti inavuja, sailensa inayumba, na unaeza skia harufu ya petroli ndani ya gari.

Ya umeme, paipu inaishia chini ya boneti kwa sensa, alafu waya ndio inaleta habari ndani. Hakuna hewa ya injini kwa kabini, na kupitisha waya ni rahisi kuliko kupitisha paipu bila kuikunja. Zile za maana kama Defi zinaweka kumbukumbu ya busti ya juu zaidi yenye umefikisha, na zinakupigia alamu ukivuka mpaka wenye umeset. Kama umeflash kompyuta ya gari na umepandisha busti, hiyo alamu inaeza okoa pistoni zako, ju ukiwa mbio huwezi kukodolea dashi macho.

Lakini kitu wasee wengi wa Nairo hawajachanuka ni altitude. Huku tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama ba 0.8. Mombasa ni ba 1. Ya mekanika inapima tofauti ya manifoldi na hewa yenye uko ndani yake, kwa hivyo injini ikiwa imezima inasoma sufuri, ukiwa Likoni ama Limuru. Baadhi ya za umeme sensa yao imepimwa kwa hewa ya baharini. Ukiwasha swichi bila kustati injini, inakuonyesha tayari uko chini ya sufuri, karibu ba 0.2. Ukiona hivyo, jua hata busti yako inasomwa chini kwa kiasi hicho hicho. Unadhani bado uko na nafasi, unaongeza, kumbe turbo imeshachoka. Kabla ulipe doh, uliza kama inajiweka sufuri yenyewe.

Na ukicheki vakyumu kwa sailensa, usishtuke ikiwa chini kuliko ile ya video za majuu. Injini nzima yenye ingesoma inchi 20 za zebaki pwani inaeza soma 14 ama 15 hapa, na iko fiti kabisa.

Mimi kwa ndai yenye bado iko stoki, nachukua geji nzuri ya mekanika bila kufikiria mara mbili. Ya umeme ni ya msee ameongeza busti, na akuwe tayari kulipia sensa orijino, ju geji ya umeme feki ndio mbaya kushinda zote: inawaka poa, rangi saba, na namba ni za uongo.

Alafu simama na fundi akifunga. Asiunganishe kwa paipu ya westigeti, itaharibu vile busti inakontroliwa. Aepuke pia ile ya regyuleta ya mafuta, ju ikivuja hapo presha ya petroli inavurugika. Achukue moja kwa moja kutoka kwa manifoldi, baada ya throto, afunge na klipu, na paipu ikae mbali na joto ya turbo. Kila sevisi ishike na mkono. Ikianza kukauka, badilisha.