Mashine Inapokikataa Kidole cha Shahada

Kidole cha shahada kina kazi nyingi kuliko umbo lake. Mwislamu hukiinua kwenye tahiyatu, na mtoto anayekaribia kutimiza mwaka hukinyoosha kuonyesha anachokitaka kabla hajaweza kukitaja. Kina msuli wake wa ziada wa kukinyoosha, ndiyo maana husimama chenyewe wakati vingine vimekunjwa. Tangu tarehe 1 Mei 2019, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchini Tanzania, kidole hiki na gumba vimebeba dhamana nyingine: kumthibitisha mtu kuwa ndiye mwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Januari 2020 laini zisizohakikiwa zikaanza kuzimwa. Kwa mkazi wa Mbagala au Tegeta jijini Dar es Salaam, ambaye simu ndiyo benki yake, kidole kisichosomeka ni hasara ya siku hiyo hiyo. Ninachoshikilia ni kwamba mashine ikikataa kidole, mara nyingi imeona kazi ya mwenye kidole, haijagundua udanganyifu wowote.

Alama za vidole ni matuta madogo ya ngozi yanayojichora mtoto akiwa bado tumboni, na hata za mapacha wa kufanana hazifanani. Mizizi ya mchoro huo iko chini ya ngozi ya juu, kwa hiyo kidole kilicholika hurudisha alama zile zile kikipumzishwa kwa wiki kadhaa; jeraha lililozama ndilo huacha kovu la kudumu. Shida ni kulipata hilo pumziko. Saidia fundi hushika saruji mbichi, ambayo ni kali kama magadi na huila ngozi. Mama fua husugua kola kati ya gumba na kidole cha shahada, tena kwa sabuni na dawa ya kung'arisha. Kina mama wanaoponda kokoto Kunduchi hushika jiwe kwa vidole hivyo hivyo kutwa nzima. Uzee nao hupunguza matuta na kukausha ngozi. Kioo cha mashine husoma pale tuta linapogusa. Tuta lililolika au kukauka linagusa kwa vipande, na mchoro unatoka umekatika. Kwa maneno mengine, vidole tunavyovitegemea zaidi kwa kazi ndivyo tulivyovichagua kuwa mashahidi.

Wapo watakaosema kwamba tukilegeza sharti la kidole, tunawafungulia mlango matapeli wanaotuma ujumbe wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'. Hofu hiyo ina msingi, na sipendekezi kidole kiachwe. Lakini utapeli umeshapata njia ndani ya sharti hilo hilo. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kuwa mashine haijasoma, abonyeze tena, na kwa mguso wa pili anasajili laini nyingine kwa jina lake. Mbinu hii inafanikiwa kwa sababu mashine kushindwa kusoma ni jambo la kawaida. Mwenye vidole vilivyolika amezoea kubonyeza mara tano bila kuuliza. Mtu huyo basi anaumia mara mbili, kwa kunyimwa huduma na kwa kuibiwa jina. Wengine watasema ajaribu kidole kingine, na hilo ni sahihi: kidole cha kati au cha pete huenda kikawa kimelika kidogo kuliko gumba na cha shahada, na wakala anapaswa kuvijaribu kabla ya kumrudisha mtu nyumbani. Vikishindwa vyote, picha iliyomo kwenye kumbukumbu za NIDA ilinganishwe na uso wa mtu aliyesimama pale, mbele ya msimamizi anayeweka saini yake. Usalama haupungui hapo, maana sasa kuna mtu wa kuwajibika.

Unapokwenda kwa wakala, nawa mikono, paka mafuta kidogo kisha ufute. Ukiambiwa ubonyeze tena, omba kwanza uone kilichoandikwa kwenye kioo cha simu yake. Na leo hii piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya mtandao husika ukadai ifutwe.