Jumba la Makumbusho Lisilosema "Usiguse"

Sisi wakazi wa Mombasa tuna makumbusho yetu ya Fort Jesus, au Ngomeni kama tulivyozoea kupaita. Tangu pale pafanywe makumbusho mwaka 1960, mtoto akipelekwa huusiwa mambo mawili: tazama, na usiguse. Wala si kosa, kwani kaure za kale haziwezi kuhimili mikono ya darasa zima la watoto. Lakini nimepata kufika, msomaji mpenzi, katika jumba ambalo asiyegusa ndiye atokaye mikono mitupu.

Jumba hilo ni Exploratorium, mjini San Francisco, Marekani, nilikokwenda kumzuru mwanangu. Liko juu ya gati, Gati Nambari 15, maji ya bahari yakipita chini yake, hata nikajihisi niko Kilindini. Nilikuwa na wajukuu wawili: wa kiume, mzaliwa wa huko huko, na wa kike wa miaka minane niliyetoka naye Mombasa.

Yule wa kiume hakungoja. Alizungusha hiki, akavuta kile, akaingiza mkono katikati ya nguzo ya ukungu iliyokuwa ikizunguka kama kimbunga, akaikata na kuicheka ikijiunga tena. Yule wa kike alisimama, mikono mgongoni.

"Babu, kuna ruhusa?"

Nikamwambia ipo. Akanitazama kana kwamba namtega.

Wallahi, jambo lile lilinichoma, kwa kuwa mikono ile niliyeifunga ni mimi. Ami yake huyo tuliyekwenda kumzuru, alipokuwa mdogo, aliifungua redio yangu kwa bisibisi, nami nikamchapa kabla ya kumuuliza alikuwa akitafuta nini mle ndani. Leo mwanawe hufungua kila kitu, naye humshikia tochi.

Mwanzilishi wa jumba hili alikuwa Frank Oppenheimer, ndugu mdogo wa yule Robert wa bomu la atomiki, na mwenyewe mtaalamu wa fizikia. Mwaka 1949 alipoteza kazi ya chuo kikuu kwa sababu aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, akaenda Colorado kufuga ng'ombe. Baadaye akapata kazi ya ualimu katika shule ya mji mdogo, na wanafunzi wake wakiokota vyuma vibovu jalalani ili wavifanyie majaribio. Mtu huyo ndiye aliyefungua Exploratorium mwaka 1969. Alifariki mwaka 1985, na jumba likahamia gatini mwaka 2013.

Hapo hakuna wazee wa kukuzomea. Wanaoeleza wageni wengi wao ni vijana wa shule, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa. Mmoja wao, binti, alikuwa ameketi mezani na jicho la ng'ombe. Mjukuu wangu wa kike akaninong'oneza, "Babu, ng'ombe huyu alichinjwa halali?" Nikamwambia hatukuja kumla.

Binti akalipasua jicho kwa kisu kidogo. Uteute ukatoka kama mkate wa mayai usioiva. Ndani, nyuma kabisa, kulikuwa na utando wa buluu na kijani uking'aa kama lulu. Huo ndio unaoyafanya macho ya ng'ombe yawake usiku yakipigwa tochi. Kisha akatoa kidude cha mviringo, kigumu kidogo, na kuonyesha kwamba ukikiinua na kuangalia kitu cha mbali, kitu hicho huonekana miguu juu, kichwa chini. Hiyo ndiyo lenzi. Alipokinyosha kiganja chake na kuuliza nani atakishika, mkono wa kwanza ulitoka Mombasa.

Mimi niliyesoma chuoni nikamkumbuka Ibn al-Haytham wa Basra. Yapata miaka elfu moja iliyopita, akiwa Misri, aliandika Kitab al-Manazir. Wapo mabingwa wa Kiyunani waliodai kwamba jicho hutoa miale yake kwenda kuvigusa vitu. Yeye hakukubali kwa heshima ya majina yao. Aliweka taa nje ya chumba cha giza, akatazama mwanga unavyopenya tundu, akathibitisha kuwa mwanga ndio unaokuja jichoni. Naye hakupatia yote. Alidhani lenzi ndiyo inayoona, mpaka Kepler alipoeleza mwaka 1604 kwamba picha huangukia retina, utando ulio nyuma ya jicho. Jina lake nililijua tangu ujana, na nimelitaja katika hotuba za Maulidi, lakini jicho sikuwahi kulipasua. Na kila Idi ya kuchinja kichwa cha ng'ombe hupita uani kwangu kikienda chunguni kutengenezwa supu!

Idi iliyofuata, tukiwa nyumbani, mjukuu wangu alimwendea mchinjaji asubuhi mapema, akamwomba macho yote mawili. Mchinjaji akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Waliketi watoto sita wa mtaani juu ya mkeka, na gazeti hili hili limetandazwa, wakiisogeza lenzi juu ya herufi na kupiga kelele kila neno lilipokuwa kubwa. Bibi yake alisimama mlangoni akiuliza ni nani aliyechukua sinia yake ya Idi.