Kuunda Gari Si Kuunganisha Vipande

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kazi mbi si mchezo mwema. Maana yake ni bayana: hata kazi duni ina tija kuliko mchezo mzuri. Methali hiyo imetumiwa kwa miaka mingi kuwaondoa watoto uwanjani na kuwarejesha vitabuni, nami sina nia ya kuitangua hekima ya waliotutangulia. Hata hivyo, ipo michezo ambayo ukiipima kwa makini utashindwa kuitenga na kazi. Mmojawapo ni ule wa watoto kuunda magari.

Msomaji aliyelelewa Runyenjes, Chuka, Nkubu au Maua hahitaji kusimuliwa mchezo huo. Waya hukunjwa ukawa bodi, visigino vya patipati zilizochakaa vikakatwa kuwa magurudumu, mkebe wa mafuta ya kupikia ukawa tangi, na ufito mrefu wenye duara la waya ukawa usukani wa kumwezesha dereva kuliongoza gari lake huku akilikimbilia kwa nyuma. Wazee wetu waliyaona magari hayo kuwa upuuzi wa watoto. Mimi ninayaona kuwa chuo cha kwanza cha uhandisi nchini, na mhanga wa kwanza wa mazoea yetu ya kutunuku kinachong'aa badala ya kinachofikiriwa.

Siku hizi malighafi imebadilika. Mpwa wangu mmoja, mwana wa dada yangu aliyeolewa upande wa Maua, ana umri wa miaka 13. Mama yake alimnunulia sokoni, penye mitumba, furushi la vitofali vya plastiki, vile vinavyoshikana kwa vifundo vilivyo juu na matundu yaliyo chini. Havikuwa na kijitabu cha maelekezo wala picha ya kitu kilichokusudiwa. Rangi zilikuwa mchanganyiko na magurudumu yalikuwa mawili tu. Kijana akaamua kuunda pikapu ya miraa, ile ambayo mkazi wa Igembe huitambua kwa mlio kabla hajaiona.

Vitofali vya aina hiyo vina historia yake. Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka wa 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen katika mji mdogo wa Billund, nchini Denmark, na mwanzoni ilitengeneza vitu vya mbao vya kuchezea. Kitofali tunachokijua leo kilisajiliwa kuwa uvumbuzi tarehe 28 Januari 1958. Wataalamu wa hesabu wamekokotoa kwamba vitofali sita vya rangi moja, kila kimoja kikiwa na vifundo vinane, vinaweza kuunganishwa kwa njia zaidi ya milioni 915. Mwanaisimu hawezi kuisikia takwimu hiyo asiikumbuke lugha. Sauti za Kiswahili hazifiki 50 na viambishi vyake vinahesabika, lakini sentensi zinazoweza kutungwa kwazo hazina ukomo. Kazi ya mtunzi ni kuchagua, na kuchagua ndiko kulikomsumbua mpwa wangu kwa mwezi mzima.

Alianza kwa kupima. Alimwomba jirani mwenye pikapu ruhusa, akauchukua utepe wa kushonea nguo wa mama yake, akapata urefu wa sentimita 480, upana wa sentimita 170, na sentimita 285 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Akaamua kwamba sentimita 20 za gari halisi ziwe sentimita moja ya gari lake. Urefu ukawa sentimita 24. Kwa kuwa kutoka kifundo kimoja hadi kingine ni milimita 8, urefu huo ulimpa vifundo 30 kamili. Alifurahi, akadhani kazi imekwisha.

Upana ulimkatalia. Sentimita 170 zikigawanywa kwa 20 hutoa 8.5, ambazo ni vifundo 10 na zaidi ya nusu, ilhali kitofali hakina nusu ya kifundo. Je, achague 10 gari liwe jembamba kuliko lilivyo, au 11 liwe pana? Alichagua 10, kwa sababu vitofali vyake vingi vilikuwa vya vifundo viwili na vinne, na kwa namba shufwa ubavu wa kulia ungelingana na wa kushoto bila pengo. Msomaji mpenzi, hapo ndipo uundaji unapoanza. Kila mfano wa kitu ni mdogo kuliko kitu chenyewe, kwa hiyo lazima kuna jambo litakaloachwa. Mbunifu ni yule anayejua ameacha nini na kwa sababu gani.

Uso wa gari ulimtesa zaidi. Taa na vyuma vinavyoikinga rejeta hukabili mbele, ilhali vifundo vya vitofali hutazama juu. Kimo cha kitofali ni milimita 9.6, na vipo vipande vyembamba ambavyo vitatu vikipandana hulingana na kitofali kimoja, yaani kila kipande ni milimita 3.2. Kwa kupanga na kupangua aligundua kwamba vipande vitano vya namna hiyo hufikia milimita 16, ambazo ndizo hasa upana wa vifundo viwili. Basi akavilaza ubavu, akavibana kwa waya, vikaingia mahali pake pasipo mwanya. Waundaji stadi wa ng'ambo wanaufahamu uwiano huo na huutegemea sana. Huyu aliufikia peke yake, sakafuni, kwa mwanga wa jioni. Magurudumu mawili yaliyokosekana aliyakata kutoka kwa patipati, jinsi walivyofanya wajomba zake zamani.

Kisha likaja suala la mzigo. Miraa husafirishwa ikiwa imefungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, na hukimbizwa kwa sababu thamani yake hupungua kadiri inavyokauka. Kijana alifunga nyasi katika vipande vya jani la mgomba, akayapanga mabunda hayo hadi yakapita ukingo wa nyuma wa bodi. Gari likainua pua. Alipoyasogeza mbele ya ekseli ya nyuma, pua ikatua.

"Mjomba," akaniambia, "mzigo ukiuzidia upande wa nyuma, stelingi haina kazi tena. Gurudumu la mbele haligusi barabara."

Pikapu za miraa ziendazo Nairobi huteremka kupitia Meru, Chuka na Embu, na katika njia hiyo lipo daraja la Nithi, ambako mwezi wa Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakaangamia. Sisemi kwamba mkasa ule ulitokana na upangaji wa mizigo. Ninalosema ni kwamba katika barabara yenye miteremko na kona kama zile, kijana anayejua kwa mikono yake mwenyewe kinachoitia gari wepesi wa mbele ana elimu inayoweza kuokoa roho. Elimu hiyo hakuipata kwa kukariri.

Aidha, nilivutiwa na lugha yake. Alisema ekseli, bodi, springi na stelingi, maneno ya gereji, na nilipomtajia usukani akaniuliza limetoka wapi. Nikamweleza kwamba usukani ni neno la baharini, ndicho kifaa cha kuongozea chombo, na kwamba hata kitenzi kuunda kilitumika tangu zamani kwa kazi ya mafundi wa majahazi, kama wale wa Matondoni kule Lamu. Kitenzi hicho ndicho kilichotuzalia muundo, kiunzi na mwundaji. Istilahi za ufundi hazikuanzia katika kamati. Zilianzia kinywani mwa mtu aliyeshika kitu mkononi, akahitaji kumweleza mwenzake sehemu ipi ilegezwe na ipi ikazwe. Mtoto anayeunda gari na kulieleza kwa Kiswahili anaikuza lugha kwa njia ile ile walivyoikuza mafundi wa majahazi.

Sasa nije kwenye kiini cha makala haya. Taifa letu limekuwa likiunganisha magari tangu miaka ya 1970, viwanda vilipofunguliwa Thika na Mombasa. Sehemu huletwa katika makasha, mpangilio ukiwa umekwisha kuamuliwa kwingine, nasi tukazifunga kwa ustadi. Kazi hiyo ni ya heshima na imelisha familia nyingi, lakini si sawa na kuunda. Tulijaribu kuunda pia. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka wa 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani huko Kasarani. Yaliundwa matano. Hayakufika sokoni, kwani fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Wengi huyakumbuka kwa kejeli. Mimi huyakumbuka kwa jambo moja: kwa muda mfupi, watu wetu walilazimika kuamua wenyewe upana wa gari, badala ya kuupokea kutoka kwa wengine.

Tofauti hiyo ya kuunda na kuunganisha ndiyo tunayoipoteza shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 uliahidi ufundi, na sisi tuliosoma chini yake tunakumbuka vikapu vilivyonunuliwa sokoni na kuwasilishwa kwa jina la mwanafunzi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa madarasani mwaka wa 2019, umerudia ahadi hiyo kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, mpwa wangu alipolipeleka gari lake katika shule ambayo sitaitaja, liliwekwa nyuma ya meza. Mbele yalipangwa magari mawili: moja la seti ya dukani, lililounganishwa hatua kwa hatua kwa kufuata picha, na jingine la mbao lililochongwa na seremala kwa malipo ya mzazi. Yote mawili yalimeremeta. Yote mawili yalipewa alama za juu kuliko lake, ambalo mlango mmoja ni mwekundu na mwingine ni wa manjano.

Siandiki haya ili mpwa wangu aongezewe alama. Wala simlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika, asiye na nafasi ya kumhoji kila mtoto. Ninalalamikia kipimo. Tukitunuku mng'aro, tunamfundisha mtoto wa mkulima wa Siakago kwamba ubunifu ni mali ya wenye fedha, na tunamfundisha mtoto wa tajiri kwamba ubunifu hununuliwa. Wote wawili wanaondoka wakiwa wamepotoshwa, na nchi inapata kizazi kingine cha kufungua makasha.

Dawa yake haihitaji bajeti. Mwalimu na amwulize kila mwanafunzi maswali matatu, kwa lugha ambayo mtoto huyo anaimudu: Kwa nini ulichagua kipimo hiki? Uliacha nini, na kwa sababu gani? Ni nini kilichoharibika, na ulikirekebishaje? Mtoto aliyenunuliwa kazi hataweza kuyajibu. Aliyeunda atajibu hadi kengele ilie. Alama nyingi ziende kwenye majibu hayo na kwenye daftari la vipimo, ndipo chache zibaki kwa sura ya nje.

Fauka ya hayo, maonyesho ya kilimo ya Meru na Embu yatenge meza kwa ajili ya vyombo vilivyoundwa na watoto, viwe vya waya, vya mbao, vya maboksi au vya vitofali vya plastiki, kwa sharti moja tu kwamba aliyekiunda asimame kando yake akieleze. Mafundi wa gereji waalikwe kuwa waamuzi pamoja na walimu, maana wao hutambua upesi ekseli iliyowekwa mahali pake.

Nanyi wazazi, mkimkuta mtoto sakafuni amezungukwa na vipande vya rangi zote, msikimbilie kuuliza kama amemaliza kazi ya shule. Mwulizeni kwanza gari lake litabeba mzigo gani, na mzigo huo ataupanga wapi.